Nilikaribia kujenga sebule juu ya uwanja wa shule: sera ya taifa inavyofika kwenye kiwanja chako

Shambani Kwetu

Wadau, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu. Leo naliandika lote, kwa sababu kila nikipita humu naona watu wanaulizana bei ya kiwanja, umbali kutoka lami na kama maji yamefika. Sijaona anayeuliza swali lililokaribia kunigharimu shilingi milioni kumi na moja, yaani eneo hili limepangiwa nini.

Mimi na mume wangu tuliweka akiba miaka sita. Dalali akatupeleka kwenye wilaya moja ya Mkoa wa Pwani, shamba la mikorosho kwenye mwinuko, upepo mzuri, majirani watatu wameshapandisha kuta hadi kwenye lenta. Mwenye shamba ni mzee aliyerithi kwa baba yake, na mpaka leo naamini hakuwa na nia mbaya. Serikali ya mtaa walikuwa tayari na fomu zao, mashahidi wapo, muhuri upo. Aliyetuokoa ni mdogo wangu wa kiume, amesomea upimaji. Alichukua vipimo vya kona zote nne kwa GPS akasema, "Dada, msitoe hata shilingi mpaka niende halmashauri."

Afisa mipangomiji alifungua mchoro kwenye kompyuta, akaingiza vile vipimo. Pale nilipokwisha kujipangia sebule na baraza pameandikwa Shule ya Msingi. Mchoro ulikuwa umeidhinishwa miaka sita nyuma. Wale majirani watatu nao wamo ndani ya uwanja uleule.

Tulirudi kwa mzee. Akasema ni kweli, kuna mwaka waliitwa mkutanoni wakaambiwa eneo litapangwa na fidia itakuja. Fidia haikuja, hakuna aliyekuja kuweka hata jiwe, korosho anaokota kila msimu, kwa hiyo kwake shamba ni lake. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye muhuri wake ungekaa kwenye karatasi yangu, aliniambia kwa uso wa huzuni kabisa kwamba mchoro huo hajawahi kuutia machoni.

Tangu hapo nimekuwa nasoma. Nimesoma Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Sheria ya Ardhi, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Nilitaka kujua neno lililoandikwa na serikali kuu linapita njia gani mpaka likafika kwenye mkorosho wa yule mzee. Nilivyoelewa mimi, njia yote imeandikwa vizuri, isipokuwa hatua ya mwisho, ya kumwonyesha mkazi mchoro uliopitishwa, ndiyo inayoachwa. Wenye ujuzi nisahihisheni, na wenye yaliyowakuta semeni.

Bikoni

Dada, pole sana, na huyo mdogo wako mpe mkono wangu.

Nina miaka kumi na minne kwenye mipangomiji, nimefanya kazi halmashauri mbili, na hiki ulichoandika nakikuta mezani karibu kila wiki. Ngoja nieleze njia hiyo kama tunavyoipita kazini.

Sera si sheria. Huwezi kumpeleka jirani barazani kwa kuvunja sera. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 3, imeichukua misingi ya Sera ya 1995 ikaiandika ndani yake, na imemtaka kila mwenye mamlaka chini ya sheria hiyo aizingatie. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Haki zilizokwishakuwepo zitambuliwe. Anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Wananchi washiriki kwenye maamuzi ya ardhi yao. Kwa hiyo nikikaa kuchora, maneno hayo nayachukulia kwa uzito, maana kesho naweza kuulizwa mbele ya hakimu niliyazingatia vipi.

Baada ya hapo inakuja Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Wapo wanaodhani wizara ndiyo inayochora kila kitu. Wapo wanaodhani diwani anaweza kuamua shule ihame. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, ndiyo inayoandaa. Mpango wa jumla wa mji mzima, ule tunaouita mpango kabambe, unaidhinishwa na Waziri wa Ardhi. Chini yake kuna mipango ya kina, mtaa kwa mtaa, michoro ambayo wengi mnaiita TP, na hiyo inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipangomiji aliyeko wizarani. Mchoro ukishapita, mpima anakwenda kuweka bikoni, yaani mawe ya mipaka, ramani yake ya upimaji nayo inaidhinishwa, ndipo hati inaandaliwa. Kibali cha ujenzi unakiomba halmashauri, nao wanaangalia kama unachotaka kujenga kinaendana na mchoro.

Uhuru wetu wa huku chini upo, ila una mipaka. Kuna viwango vya kitaifa vya ukubwa wa viwanja, upana wa barabara, maeneo ya wazi, shule na zahanati kwa idadi ya watu. Siwezi kuchora viwanja mia kadhaa halafu nisitenge shule, hata wenye mashamba wote wakinililia. Ile shule kwenye shamba la mzee ilidaiwa na hesabu ya watu watakaoishi pale. Na niseme jambo ambalo linaniumiza kila mara: tukitafuta mahali pa kuiweka shule tunatafuta sehemu ambayo bado haina nyumba, maana kuvunja ni gharama. Matokeo yake mzigo humwangukia yule ambaye hakuuza. Waliokata vipande wakauza mapema, eneo lao linahesabika limeshajengwa, linaachwa.

Kuhusu kuonyesha mchoro, sheria inataka mpango uwekwe wazi watu wauone na watoe maoni. Tunaweka. Lakini tunaweka kwenye ubao wa halmashauri, na kutoka pale hadi kwa yule mzee ni nauli ya kwenda na kurudi ambayo hana. Hapo nakubaliana na wewe bila kujitetea.

Msumari wa Nne

Kaka Bikoni, nakuheshimu kwa kusema ukweli, ila huku mtaani yote hayo tunayaona ni makaratasi.

Sisi tulijenga bila mpango, sikatai. Baba alinunua kwa mjumbe, akajenga, tukazaliwa humo. Mwaka 2018 tukaambiwa urasimishaji umefika, yaani sisi tuliojenga bila mpango tupangiwe, tupimiwe na tupewe hati. Tukachagua kamati ya mtaa, tukaletewa kampuni binafsi ya kupanga na kupima, jina nalihifadhi. Bei tuliyotajiwa ni laki moja na nusu kwa kiwanja. Nikalipa. Mama mjane jirani yetu akauza mbuzi wawili, naye akalipa. Wakaweka mawe nusu ya mtaa, wakaondoka, simu hazipokelewi. Mimi hadi leo nina jiwe kwenye kona ya uzio wangu na risiti iliyofungiwa bahasha moja na cheti cha ndoa. Hati sina.

Sasa sera inayosema wananchi washirikishwe ilitushirikisha kwenye nini? Kutoa hela?

Mabatini Juu

Mkuu Msumari, pole. Sisi Mwanza urasimishaji umefanyika kwa wingi, na kwetu kuna waliopata hati na wakakopea benki. Halafu kuna sisi wa juu mlimani kwenye majabali, ambao hatujui tukoje. Nyumba ya bibi yangu imekaa juu ya jiwe kabla ya uhuru. Kila uongozi mpya ukiingia tunasikia maneno ya kuhamishwa. Kaka Bikoni, mlima unahesabika vipi?

Bikoni

Naanza na Msumari. Ndugu yangu, hasira yako ina haki.

Msingi wa urasimishaji uko ndani ya Sera ya 1995 yenyewe. Iliandika kwamba makazi yaliyojengwa bila mpango hayatabomolewa bali yataboreshwa kwa kushirikiana na wakazi, isipokuwa nyumba zilizo kwenye maeneo hatarishi. Sheria ya Ardhi ikaweka utaratibu wake kuanzia kifungu cha 56. Ndiyo iliyozaa leseni za makazi Dar es Salaam miaka ya 2000, na baadaye hiki mnachokiona cha kampuni kupita mitaani.

Kampuni ni mkandarasi tu. Haikuwahi kuwa mamlaka ya upangaji, hata ikija na magari yenye nembo. Mamlaka ni halmashauri, na kampuni kukimbia hakuiondolei halmashauri wajibu wake. Nendeni kama kamati, si mmoja mmoja, mkiwa na orodha ya waliolipa na nakala za risiti. Ulizeni maswali mawili tofauti, msiyachanganye. La kwanza, mchoro wa mtaa wetu uliidhinishwa? La pili, ramani ya upimaji ilisajiliwa? Mara nyingi la kwanza jibu ni ndiyo na la pili ni hapana, na hapo mnajua kilichobaki ni kazi ya mpima, hamwanzi upya. Mkikwama, ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi ipo mkoani kwenu.

Mabatini Juu, sheria imetaja aina za ardhi hatarishi: mikoko, maeneo oevu, eneo lililo ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe, na miteremko mikali. Lakini mteremko kuwa mkali kwa macho ya mtu haitoshi. Kiwango chake kinawekwa na Waziri kwa ushauri wa kitaalamu, na eneo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi kuna utaratibu wake, wenye kuwapa walioko pale nafasi ya kusikilizwa. Kwa hiyo mtu akija na maneno, mwombeni tangazo. Zile meta 60 msizichezee, kwa sababu zimerudiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wanaokumbuka mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 wanajua bonde la Msimbazi lilivyofanya. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande mwaka uliofuata, wengine wakabaki, na Desemba 2015 tingatinga likaingia bondeni.

Mzee wa Sinza

Wanangu, nimesoma kila neno. Nyie mnaizungumzia sera kama kitu kilichoanza 1995. Mimi nimeishi chini ya sera tatu, na kila moja niliiona kwa macho kwenye udongo wa Dar es Salaam.

Baada ya uhuru Serikali iliona aibu na vibanda. Nyumba za makuti Magomeni na Buguruni zilivunjwa, Shirika la Nyumba likajenga nyumba za tofali palepale. Nia ilikuwa njema, lakini unavunja nyumba moja unajenga moja, mji unabaki na upungufu uleule, na hela zinaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mawazo yakageuka. Wakasema Serikali itoe kiwanja chenye barabara na maji, mwananchi ajenge mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Benki ya Dunia ikaleta mkopo. Ndivyo zilivyozaliwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kama viwanja na huduma, na Manzese ikaboreshwa pale ilipo, watu wakiwa ndani.

Mimi nilikuwa karani kijana. Nilikuta barabara ya mtaa imeshachongwa, sina hata tofali moja. Nilijenga chumba kimoja na stoo, tukaingia, vingine vikafuata kwa miaka tisa. Leo ukitoka Manzese ukaingia Sinza, mguu wako wenyewe unakuambia umevuka. Huku gari la zimamoto linafika mlangoni, kule wanabeba mgonjwa kwa kiti mpaka barabara kubwa. Watu ni walewale, umaskini wa wakati ule ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba kwetu mchoro ulitangulia.

Halafu mchoro ukasimama, mji ukaendelea. Mpango kabambe wa Dar es Salaam ulipitishwa 1979, wa kuuongoza mji kwa miaka ishirini. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090. Sensa ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Mpango kabambe uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Hebu fikirini hao zaidi ya milioni tatu waliongezeka wakiongozwa na nini? Waliongozwa na dalali na mjumbe. Ndiyo maana mimi sitamlaumu baba yake Msumari. Alikuja mjini wakati ambao hakukuwa na mtu wa kumwonyesha kiwanja.

Shambani Kwetu

Shikamoo mzee. Hii ya "mchoro ulitangulia" nimeisoma mara tatu.

Mzee wa Sinza

Marahaba mwanangu. Lakini usidhani sisi tulisalimika. Kulikuwa na kiwanja cha wazi nyuma ya mtaa wetu, watoto wangu wote wamejifunzia mpira pale. Siku moja kukaja ukuta. Tulipouliza tukaonyeshwa karatasi kwamba matumizi yamebadilishwa. Tangazo lilitolewa lini, nani alilisoma, hakuna aliyeweza kutueleza.

Kona ya Tabata

Kaka Bikoni, hilo la mzee limenigusa. Mtu akitaka kubadilisha matumizi ya eneo anafanyaje? Maana kwetu nyumba za kuishi zinageuka baa, tunaamka tu tunasikia muziki.

Bikoni

Anaomba halmashauri. Anatakiwa kutoa tangazo, majirani wapate nafasi ya kupinga, maombi yajadiliwe kwenye kamati ya mipangomiji ya halmashauri, kisha yaende wizarani. Hati yake nayo ibadilishwe, maana hati imeandikwa matumizi ndani yake. Aliyejenga baa kwenye hati ya makazi bila hayo amevunja sharti la umiliki wake. Pingamizi liandikwe, liwe na majina na saini, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye jalada, na kamati inasoma jalada.

Nkuhungu

Niongeze ya Dodoma, maana sisi tulikuwa na njia yetu.

Kwetu tangu 1973 ardhi ya mji ilishikwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango mkuu wa kwanza ni wa 1976. CDA ndiyo iliyopanga, ikapima, ikagawa, na mwananchi alipewa mkataba wa upangaji wa miaka 33 chini yake. Faida yake mnaiona mkija. Barabara pana, miti, maeneo ya taasisi yametengwa. Upande wa pili, mwananchi alikuwa na maamuzi ya ardhi yake kwenye ofisi moja ambayo hakuichagua, na diwani wake hakuwa na la kusema. Migogoro ikajaa. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zikaenda halmashauri, na watu wakaanza kupewa hati za miaka 99.

Nilifurahi sana siku ile. Lakini baada ya muda nimeona pia jambo jingine: mji ukipanuka kwa kasi ya makao makuu, vijiji vya pembeni vinaingizwa kwenye eneo la mipangomiji, na mtu aliyelala akiwa mwanakijiji anaamka shamba lake ni viwanja. Kwa wengine yamefanyika makubaliano, mwenye shamba anabaki na sehemu ya viwanja na halmashauri inachukua sehemu kufidia upimaji na barabara. Mjomba wangu alipata viwanja vitano kwa njia hiyo akaridhika, kwa sababu alikaa kwenye kila kikao na mchoro aliuona kabla haujapelekwa wizarani. Jirani yake hakuhudhuria, na hadi leo ana manung'uniko.

Pwani Mchangani

Kwa wanaosoma wakiwa Unguja na Pemba: ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo sera na sheria zinazotajwa humu ni za Bara. Sisi tuna sheria zetu na taasisi zetu. Msiende na kifungu cha 3 cha huko mkadhani kitawasaidia huku.

Kalamu ya Risasi

Wadau, mnaisoma sera ya 1995 kana kwamba haijaguswa. Lipo toleo la mwaka 2023, Rais Samia alilizindua Dodoma mwezi wa tatu 2025. Anayetaka kujenga hoja mbele ya ofisa aanze na hilo.

Shambani Kwetu

Asante Kalamu. Nimelitafuta na nalisoma. Ardhi inabaki ya umma chini ya udhamini wa Rais, hilo halikuguswa.

Naomba turudi kwa yule mzee wa mikorosho, kwa sababu silali vizuri. Mimi nimepona na hela zangu. Yeye hawezi kuuza, hajalipwa, na shule haijengwi. Ana haki gani?

Bikoni

Ana haki nyingi kuliko anavyojua.

Mchoro kupita peke yake haumwondoi. Mpaka ardhi itwaliwe kwa utaratibu, yeye ni mwenye milki inayotambuliwa, hata kama hana hati. Ikitwaliwa, fidia yake si bei ya mikorosho tu. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya malazi kwa kodi ya miezi 36 kama ana nyumba pale, na hasara ya faida kama ana biashara. Ikicheleweshwa kupita miezi sita kuna riba. Kama uthamini ulishafanyika, Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa miaka miwili, baada ya hapo wanatakiwa kuthamini upya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee ni kama aliwahi kusaini fomu ya uthamini. Kama hakusaini, ameishia kwenye hatua ya kupangiwa tu. Anaweza kuandika barua kuuliza halmashauri ina nia ya kutwaa lini, na anaweza kuomba mchoro upitiwe upya kama hawana nia hiyo. Pia anaweza kupendekeza yale makubaliano aliyoyataja Nkuhungu, shule ibaki na yeye apate viwanja vilivyopimwa upande mwingine. Nimeona hilo likikubaliwa. Linachukua muda na vikao, lakini linamtoa mtu kwenye kungoja kusikokwisha.

Nisiwafiche, kinachokwamisha ni pesa. Halmashauri inachora shule mwaka huu kwa sababu viwango vinataka, lakini bajeti ya kulipa fidia haikutengwa pamoja na mchoro. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulikwenda kwa sababu kulikuwa na mkopo wa Hazina wa kuwalipa wenye mashamba kwanza, kisha mauzo ya viwanja yakaurudisha. Ndivyo zilivyopatikana Kibada, Bunju, Mivumoni, Buyuni, Toangoma. Hata pale wapo waliolalamikia kiwango, lakini mtu alikuwa amelipwa kabla ya kuondoka.

Msumari wa Nne

Narudi na taarifa. Tulikwenda watu kumi na wanane. Tuliuliza yale maswali mawili kama ulivyoelekeza, kaka. Mchoro wetu uliidhinishwa tangu 2020. Upimaji ndio haukusajiliwa. Wametupa tarehe ya kukutana na mpima wa halmashauri.

Jambo moja limenikaa. Kwenye mchoro ule, njia inayopita mbele ya nyumba ya mama mjane imeongezwa upana kwa kula uzio wake. Yeye hakujua. Yupo kwenye orodha ya walioridhia, kuna saini, na mama huyo hajui kuandika, huweka dole gumba.

Bikoni

Hilo msiliache lipite. Saini hiyo iandikiwe pingamizi kabla ramani ya upimaji haijasajiliwa, tena haraka. Andika na jina la mtaa na namba ya mchoro. Usimtuhumu mtu, eleza tu kwamba mwenye eneo hajui kusoma wala kuandika na hajawahi kuonyeshwa mchoro. Nitumie kwenye faragha nikusaidie kuipanga barua.

Mabatini Juu

Mkuu, hiyo barua ikikamilika toa jina la mama uiweke humu. Sisi wengine tutaitumia.

Shambani Kwetu

Wadau, imepita miezi miwili. Nadaiwa taarifa.

Hatukununua pale. Lakini niliona aibu kuondoka na hela zangu mkononi nikawaacha wenzangu gizani, kwa hiyo tulirudi, mimi, mdogo wangu na wale majirani watatu waliokwisha kupandisha kuta. Tuliandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata. Tuliomba kitu kimoja tu, nakala ya mchoro uliopitishwa, iwe kubwa ya kusomeka, ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Tulilipia kuchapisha wenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili alituandikia mwenyekiti wa mtaa kwa mkono wake, akagonga muhuri, na ikajibiwa baada ya wiki tatu.

Mchoro uko ukutani sasa, chini ya kioo, pembeni ya ratiba ya mikutano. Siku ulipobandikwa ofisi ilijaa mpaka nje. Kuna dada alianza kulia baada ya kuona kiwanja chake kimekaa vizuri ndani ya makazi, hakuamini. Kuna kijana alitoka kimya, hakusema na mtu. Majirani wetu watatu wameshaandika maombi ya pamoja na mzee, kwamba uwanja wa shule usogezwe upande wa kaskazini ambako bado ni pori lake, na yeye apewe viwanja kwa upande huu. Afisa mipangomiji ameahidi kulipeleka kwenye kamati. Halijaamuliwa.

Mzee alikuja mchana, watu walipopungua. Macho hayaoni vizuri, mdogo wangu akamshika kidole akakipeleka kwenye mpaka wa shamba lake, akakizungusha pole pole, kisima, njia ya ng'ombe, mkorosho mkubwa, mpaka kikarudi pale kilipoanzia. Mzee akasema, "Rudia." Akarudia mara ya pili.